Sauti Bila Picha

Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024, yapata saa tatu na robo usiku, Taifa Stars ikiongoza bao 1–0 dhidi ya Zambia kule San-Pédro, Ivory Coast, televisheni ya mama yangu ilikata picha. Sauti haikukata. Mtangazaji aliendelea kupiga kelele kama kawaida yake, uwanja uliendelea kuvuma, na sisi watu tisa tuliokuwa sebuleni Nyahanga tukabaki tunakodolea macho kioo cheusi ambacho ndani yake tulijiona wenyewe.

Kaka yangu aliipiga kofi upande wa kulia. Jirani akasema ni umeme, maana ulikuwa msimu wa mgao, umeme unakatika na kurudi unavyotaka. Mtoto wa jirani akasema tuchomoe king'amuzi. Tulichomoa, tukachomeka. Ikawaka: picha ilikuja kama nusu sekunde hivi, ikazima, sauti ikabaki. Basi tukakaa. Nini tena cha kufanya? Bao la Simon Msuva la dakika ya 11 tulikuwa tumeliona kwa macho. Bao la Patson Daka la dakika ya 88, Zambia wakiwa pungufu mtu mmoja, tulilisikia tu, na mama akasema maneno ambayo sijayasahau: “Afadhali sikuliona.”

Halafu akaongeza, akiwa anakusanya vikombe: “Basi tumerudi kwenye redio.”

Ni sentensi hiyo iliyonifanya niandike haya. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, na alichokuwa anasema ni historia tupu. Mara ya kwanza Taifa Stars kwenda fainali za Afrika ilikuwa mwaka 1980, Nigeria. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Nchi nzima ya Bara ilisikiliza timu yake ikicheza Lagos kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na kila msikilizaji alijichorea uwanja wake kichwani. Kuna watu wa rika la mama ambao hadi leo wanakuelezea mashuti ya mwaka ule kana kwamba walikuwa nyuma ya goli. Hawakuona kitu.

Ukimweleza kijana wa leo kwamba Bara ilikaa bila televisheni yake hadi mwaka 1994, anadhani unamtania. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilizokuwa na televisheni zilikuwa bado na nyeusi na nyeupe. Kenya walianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Sisi tulikaa. Hoja iliyokuwa ikitolewa enzi za Mwalimu ni kwamba nchi maskini haina haki ya kununulia watu wachache wa mjini kitu ambacho mkulima wa pamba wa Shinyanga hatakiona, wakati redio inamfikia kila mtu shambani kwake. Huwa nawasikia wenzangu wa kizazi changu wakiicheka hoja hiyo. Mimi siichekei sana. Kwa kijiji kisicho na umeme, televisheni ni kabati. Ila pia ni kweli kwamba wenye uwezo Dar es Salaam walikuwa wanainua antena ndefu juu ya mapaa na kunasa picha za Zanzibar, kwa hiyo huo usawa ulikuwa na matundu yake.

Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka uliofuata zikaja CTN, ITV na DTV, zote za watu binafsi. Serikali yenyewe ilichelewa: Televisheni ya Taifa, TVT, ambayo baadaye ikawa TBC, ilizinduliwa mwaka 2000. Huku Kanda ya Ziwa sisi tulikuwa na Star TV ya Mwanza, na nitakuwa mwongo nikisema kulikuwa na kituo kingine kilichotuhusu zaidi utotoni.

Kwetu haikuwepo televisheni. Ilikuwepo kwenye kibanda. Kama ulikulia mji wowote wa Tanzania unavijua vibanda umiza: mabanzi, turubai, mabenchi yanayobana makalio, na mbele kabisa, juu ya meza ndefu, TV moja imefungiwa ndani ya kisanduku cha nondo kama mfungwa. Tarehe 31 Mei 2002, siku ya Ijumaa, nilitoroka shule kwenda kuona Senegal wakiwafunga Ufaransa 1–0. Mechi za Korea na Japani kwetu zilichezwa asubuhi na mchana, ndiyo maana kizazi chetu kina kumbukumbu nzuri za viboko vya mwaka ule. Siku zisizo na mpira tulitazama sinema za Kichina na za Kimarekani zilizotafsiriwa kwa sauti nzito ya Kiswahili na Kapteni Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu, ambaye hakuwa anatafsiri bali alikuwa anasimulia hadithi yake mwenyewe huku watu wa kwenye picha wakimsindikiza. Hayo nayo yanahitaji insha yake.

TV ile ya kibandani ilikuwa ya chogo. Jina hilo lilikuja baadaye, baada ya kuja zisizo na chogo. Kabla ya hapo ilikuwa TV tu. Nalipenda sana neno hili. Nyuma ya kioo kulikuwa na bomba la glasi lililochongoka hadi nyuma, kule ambako elektroni zilifyatuliwa kuja kugonga kioo kwa ndani, na ndiyo hiyo iliyoipa TV kichwa kama cha binadamu. Zilipokuja nyembamba, watu wakazitazama kwa ubavu wakakosa kisogo, wakaziita flati, na zile za zamani zikapewa jina la kiungo zilichokuwa nacho.

Chogo lilikuwa na heshima yake kwa mafundi. Bomba lile hupokea zaidi ya volti 20,000, na linaweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kila mtaa ulikuwa na simulizi ya fundi aliyerushwa hadi mlangoni. Lakini lilitengenezeka. Fundi redio wa Nyahanga wa miaka ile, aliyejifunzia kwenye redio za mkulima, aliweza kulifungua, kuangalia kilichoungua, kwenda sokoni kununua kifaa cha shilingi mia tano, na kukurudishia TV yako jioni. Tuliwaita mafundi redio hata walipokuwa wanatengeneza televisheni. Na wao hawakukataa.

Hizi bapa zimetoka mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa anachunguza kemikali iliyotokana na karoti, akaona kitu cha ajabu: ilikuwa inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzijoto 145 na ushee ikawa majimaji yenye ukungu, na kwenye 178 na ushee ukungu ukatoweka. Katikati hapo haikuwa kitu kigumu wala maji ya kawaida. Ndicho tunachoita leo fuwele za majimaji. Watu walikaa nacho kwa miaka 80 hivi bila kujua wakitumie wapi. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA Marekani wakaonyesha kwamba umeme unaweza kukiamuru kipitishe mwanga au kiuzuie. RCA, waliokuwa wanakula vizuri kwa kuuza machogo, hawakuona haja ya kuhangaika nacho sana. Wajapani wakakichukua: Sharp wakauza kikokotozi chenye kioo hicho mwaka 1973, na mwaka 1988 wakaonyesha televisheni ya inchi 14. Kufikia mwishoni mwa 2007, duniani ziliuzwa TV bapa za aina hiyo nyingi kuliko za chogo.

Naomba msomaji akumbuke jambo moja katika hayo, maana ndilo lililoniokoa shilingi laki tatu na nusu: fuwele hizo hazitoi mwanga. Kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia. Mwanga unatoka nyuma yake, kwenye taa. Kwenye chogo kioo chenyewe ndicho kilichong'aa. Kwenye bapa kioo ni pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu ameshika taa.

Kahama zilianza kuonekana kwa wingi na pesa ya mgodi. Bulyanhulu ulikuwa umefunguliwa 2001, Buzwagi ukafuata 2009, huu wa pili ukiwa karibu na mji kiasi kwamba milipuko yake ilikuwa kama saa ya ukutani. Kahama ghafla ikawa na watu wenye mshahara wa kila mwezi, na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita, bandari kavu ya Isaka iko pale. Maduka ya barabara kuu yakaweka TV dirishani. Kisha tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, ya kwanza kuzimwa Afrika Mashariki, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Chogo halikufa siku hiyo. King'amuzi kina matundu ya waya mwekundu, mweupe na wa njano, na chogo lako lina matundu hayo hayo. Lakini watu waliambiwa “dijitali”, wakasikia “mpya”, wakatupa. Nilikuwa mwandishi mchanga mwaka ule na niliandika habari mbili za namna hiyo bila kuuliza hata fundi mmoja. Aibu yangu.

Baba alikuwa fundi umeme mgodini. Hakununua bapa mapema. Alikuwa mtu wa kusubiri bei ishuke. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia usafirishaji wa mchanga wa madini, tukajifunza neno makinikia, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei ripoti ya kamati ya Profesa Mruma ilisomwa Ikulu mubashara, na tarehe 12 Juni ile ya Profesa Osoro. Baba aliziangalia zote mbili kwa jirani, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mama anasema hakusema neno kwenda wala kurudi. Nchi nzima ilikuwa inashangilia, na katika mitaa yetu walikuwepo waliokuwa wanashangilia na waliokuwa wanapiga hesabu ya mwezi ujao. Wengine walifanya yote mawili. Kabla mwaka haujaisha baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Katika malipo yake ya mwisho alilipa ada ya kaka, akaezeka upya chumba cha nyuma, na akanunua TV bapa ya inchi 32. “Sasa nitakuwa nyumbani,” alimwambia mama, “na sitaki kusimama tena kwenye mlango wa mtu.”

Alifariki 2021. Kwa hiyo kaka aliposema usiku ule wa Januari kwamba aiuze kwa watu wa skrepa na mwisho wa mwezi anunue nyingine, mama alimtazama tu. Kaka hakurudia.

Asubuhi yake tulimpelekea fundi wa jirani, kijana mzuri, mchangamfu. Aliiwasha, akasikia sauti, akaona giza, akasema: “Dada, kioo kimekufa hiki. Kioo hakitengenezwi.” Na hapa naomba nilalamikie lugha yangu kidogo. Kwa Kiswahili kioo ni glasi ya dirisha, ni kile tunachojitazamia, na kwa fundi ni ile sehemu yote ya mbele ya TV. Ukisema kioo kimekufa, unaweza kuwa umeua vitu vitatu kwa neno moja. Kwa kweli kioo kikifa, yaani kikipasuka au mistari ikitokea, hapo hesabu ni kununua TV nyingine. Ila wetu haukuwa na mstari hata mmoja.

Nilipiga simu kwa rafiki wa baba aliyefanya naye kazi miaka mingi, mzee wa watu anayekaa Kagongwa. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza maswali mawili tu: “Kabla haijazima, picha ilikuwa na rangi ya bluu?” Nikashtuka. Ilikuwa ya bluu bluu kwa karibu mwaka mzima. Watangazaji wote walionekana kama wamepigwa baridi, na tulikuwa tunalaumu king'amuzi. Swali la pili: “Ukimulika tochi kwenye kioo sauti ikiwa inatoka, unaona nini?”

Nikaenda. Usiku, taa zote zimezimwa, nikawasha TV, nikasogeza tochi ya simu karibu kabisa na kioo kwa mshazari. Na kumbe pale, hafifu kama picha iliyo chini ya maji, msoma taarifa ya habari alikuwa anasoma. Alikuwepo muda wote. Picha ilikuwa inachezwa gizani.

Nilimwita mama. Akainama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama vile yule mtu angesikia: “Mayu, huyu anatufanyia kazi bure.” Mama huniita mayu kwa sababu nina jina la mama yake.

Zamani taa za nyuma zilikuwa mirija myembamba ya floresenti. Siku hizi ni vijitaa vya LED. LED nyeupe kwa asili si nyeupe: ni ya bluu, iliyopakwa unga wa njano unaoubadili mwanga. LED ya bluu yenye nguvu ndiyo iliyosumbua wanasayansi kwa miongo, hadi Akasaki, Amano na Nakamura walipoipata Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ule unga ukichoka kwa joto, bluu inavuja. Ndiyo rangi iliyotupata sisi mwaka mzima. Na kwa sababu vijitaa hivyo vimeungwa kwa mstari mmoja, kama shanga, kimoja kikikatika vyote vinazima. Saketi inayovilisha inagundua, inajifunga, ndiyo ile nusu sekunde ya picha. Mgao wa umeme haukuhusika, angalau si sana. Tuliiua wenyewe kwa kuacha mwanga kwenye 100 miaka sita.

Kwenye sanduku la chuma la baba kulikuwa na mita yake, pasi ya kulehemu, bisibisi za kila aina, na balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa nyaya mbili zenye ncha. Hiyo balbu niliijua. Baba alipofungua kitu chochote chenye pawa saplai, hakugusa kitu kabla hajaichomeka kwenye miguu ya ile kapasita kubwa. Wakati mwingine balbu ilimeta mara moja, ikazima. “Umeme unaokimbia unausikia,” alikuwa anamwambia kaka, si mimi, mimi nilikuwa nimeshika tochi, “ulionyamaza ndio unaoua.” Kapasita ile, kwenye TV bapa, hukaa na volti mia tatu na kitu, na inaweza kukusubiri hata baada ya kuchomoa waya. Ukitaka kujaribu nyumbani kwako, hapo ndipo pa kuogopa. Kwingine ni kioo tu.

Nilichomoa, nikasubiri nusu saa, nikaondoa skrubu za nyuma, nikapima kwanza kwa mita, kisha nikaweka balbu. Haikumeta. Moyo ulidunda vilevile. Ndani ya TV ya kisasa ni jangwa: bodi moja ndogo kuliko daftari, waya bapa unaokwenda kwenye kioo, spika mbili, basi. Nilidhani nitakuta kitu cha kutazama. Nilitazama kapasita kama zimevimba vichwa, maana huo ndio ugonjwa mwingine wa kawaida, na fyuzi, vyote vizima. Nikapima unakotoka umeme wa taa wakati wa kuwasha, nikikaa mbali na upande wa moto: unapanda, halafu unaanguka. Mzee wa Kagongwa akasema kwenye simu, “Umeipata. Sasa kazi ngumu.”

Kazi ngumu ni kwamba taa ziko nyuma ya kila kitu, na njia pekee ya kuzifikia ni kutokea mbele, kwa kuking'oa kioo. Kioo cha inchi 32 ni glasi mbili nyembamba, na pembeni yake kuna vitepe laini vyenye chipu, vimegandishwa kwa nyaya ndogo kuliko unywele. Kitepe kimoja kikichanika hakuna fundi wa Nyahanga wala wa Kariakoo wa kukirudisha. Inahitaji watu wawili. Kaka alikuwa amesharudi kazini Geita. Mama akafunga kanga yake vizuri, akanawa mikono kwa sabuni, akasema, “Niambie nishike wapi.”

Tulitandika shuka safi juu ya godoro. Tulikiinua pamoja, yeye kushoto mimi kulia, na kilijipinda katikati kama chapati iliyosukumwa nyembamba mno. Hatukupumua kutoka kwenye meza hadi kwenye godoro. Hatua tano. Mama alikuwa ananong'ona kitu, sikumuuliza nini.

Chini yake kuna karatasi tatu za plastiki zinazosambaza mwanga, mpangilio wake haupaswi kubadilika, kisha bamba nene jeupe, kisha karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga, na hapo ndipo nilipoziona: fito tatu, kila moja na vijitaa sita vyenye kofia za plastiki. Kumi na nane. Mita ya baba haikuweza kuviwasha, maana hivi vilikuwa vya volti 6 kila kimoja na mita inatoa chini ya hapo. Nikatumia betri ya volti 9 na rizista ya omu 470 kutoka kwenye redio mbovu. Kimoja, kingine, kingine. Cha tano kwenye ufito wa katikati kiligoma. Kofia yake ilikuwa na rangi ya chai. Taa moja tu.

Mafundi wengi hapo wanaunganisha waya kupita juu ya ile iliyokufa, na TV inawaka, na wanakudai elfu arobaini. Inafanya kazi, ila doa la giza linabaki na zile nyingine zimeshazeeka nazo. Miezi michache mnakutana tena. Nikaagiza seti nzima kutoka Kariakoo, baada ya kutuma picha ya namba zilizoandikwa kwenye fito na kupima urefu kwa rula ya shule. Elfu thelathini na mbili pamoja na nauli ya basi. Zilifika siku ya pili zimefungwa kwenye gazeti. Nilizibandika, nikalehemu nyaya mbili kwa mkono unaotetemeka (lehemu yangu ni mbaya, inaonekana kama kinyesi cha njiwa, lakini inashika), na kabla ya kufunga chochote nikawasha. Chumba chote kikawa cheupe. Mama alifumba macho.

Kurudisha kioo ilikuwa rahisi kuliko kukitoa. Au tulikuwa tumezoea kuogopa. Tulifunga skrubu, zikabaki mbili ambazo hadi leo sijui ni za wapi. Nikaingia kwenye mipangilio nikashusha mwanga hadi 50. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikaanza, na watu wote kwenye skrini walikuwa wamepata tena rangi ya watu.

Mama aliangalia hadi habari za michezo. Kisha akanyoosha kidole pembe ya juu, kulia.

“Hilo doa ni nini?”

Nikasogea. Palikuwa na kivuli kidogo, kama yai, chenye mistari myembamba ndani yake ukikaribia sana. Ni kidole gumba changu. Nilishika ile karatasi ya plastiki ya katikati bila glavu, na mafuta ya mkono yamebaki mle ndani, kati ya taa na picha. Kulifuta ni kufungua tena kila kitu. Nilimwambia mama tunaweza kurudia wiki ijayo kabla sijaondoka kwenda Mwanza.

“Achana nalo,” akasema. “Na hizo skrubu mbili zirudishe kwenye sanduku la baba yako.”